Msitu wa Kale Hutambuliwaje? Mafunzo kutoka Fukayosi na Zaraninge

Watu wengi wakiulizwa msitu wa kale ni upi, hujibu kwamba ni ule wenye miti minene. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini kwa mwanasayansi halitoshi. Mwembe uliopandwa na babu huweza, katika muda wa miaka mia moja, kunenepa kuliko miti mingi ya msituni, nao haufanyi msitu. Kwa upande mwingine, msitu uliosimama mahali pake kwa maelfu ya miaka huweza kuwa na miti myembamba iliyosongamana, ambayo mpita njia huiita kichaka tu. Katika makala hii nataka kueleza dalili zinazotuwezesha kuutambua msitu wa kale, na kwa nini utambuzi huo una uzito kwetu sisi wa nyuma ya pwani ya Bagamoyo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Donge la sandarusi

Miaka kadhaa iliyopita nilifika Fukayosi pamoja na wanafunzi wangu. Kijiji hiki kiko kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, baada ya kuvuka mto Ruvu. Tulitembea katika pori lililo nyuma ya mashamba, tukahesabu spishi za miti, na jioni tukaketi barazani kwa mzee mmoja aliyekuwa ametuongoza mchana kutwa. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, pori hili likiachwa bila kukatwa, msitu utarudi lini?" Nikamjibu pasipo kusita, "Miaka ishirini, thelathini hivi, mzee wangu."

Hakubishana nami. Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo mlikuwa na donge la manjano, ukubwa wa yai la kuku, gumu, lenye vipele vidogo vidogo juu ya ngozi yake. Alilipata alipochimba shimo la nguzo ya nyumba yake. "Hili lilitoka katika mti gani, mwalimu? Mimi nimezaliwa huku, na mti wake sijauona hapa."

Lilikuwa donge la sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Hymenaea verrucosa. Katika vitabu vya zamani msomaji ataukuta kwa jina la Trachylobium. Mti ukijeruhiwa hutoa utomvu, nao hudondoka chini na kufukiwa na mchanga. Ukikaa ardhini muda mrefu hupoteza mafuta yake mepesi na kuwa mgumu. Sandarusi mbichi, ile iliyokwanguliwa mtini, wafanyabiashara wa pwani waliiita chakazi na kuilipia bei ndogo. Iliyochimbwa ardhini ndiyo iliyotafutwa, kwa sababu ilitoa vanishi bora. Katika karne ya 19 ilichimbwa kwa wingi nyuma ya Bagamoyo na sehemu nyingine za Mrima, ikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja ikasafirishwa Ulaya, Bara Hindi na Marekani, hasa mji wa Salem. Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika kwa urefu juu ya uchimbaji huo. Baadaye John Kirk, daktari aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alionyesha kwamba sandarusi ya ardhini na ile ya mtini zinatokana na mti ule ule mmoja.

Jambo lililowashangaza wageni hao ni kwamba machimbo mengi yalikuwa mahali pasipo na msandarusi hata mmoja. Palikuwa na majani, vichaka na mashamba. Maana yake ni wazi: hapo zamani palikuwa na msitu, msitu ukatoweka, na ardhi ikabaki na ushahidi wake. Tena si zamani ya kutisha. Sandarusi yetu si kaharabu ya mamilioni ya miaka; vipande vya Afrika Mashariki vilivyopimwa kwa njia ya kaboni-14 vimeonekana kuwa na umri wa mamia ya miaka, au maelfu machache. Basi donge la mzee lilinipa jibu ambalo mimi sikulitoa. Kama msitu hurudi katika miaka thelathini, kwa nini huu wa Fukayosi haukuwa umerudi?

Somo la Hayley Wood

Ni lazima nieleze nilikoitoa ile miaka thelathini. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari nchini Uingereza, nilipelekwa kuutazama msitu uitwao Hayley Wood, katika jimbo la Cambridgeshire. Ni msitu mdogo, hekta zipatazo 50 tu, uliozungukwa na mashamba ya nafaka pande zote. Nilikwenda nikitarajia miti mikubwa ya kutisha. Nilikuta visiki vipana vilivyochipua fito nyembamba kama za kujengea, na kati yake mialoni michache mirefu. Nilifadhaika kidogo, na mwenyeji wetu aliliona hilo.

Kumbe fito zile ndizo historia yenyewe. Kwa karne nyingi watu wa vijiji vya karibu waliukata msitu ule kwa zamu, sehemu moja mwaka huu na sehemu nyingine mwaka ujao, wakapata kuni, fito za nyumba na nyua. Kisiki hakikufa, kilichipua, na baada ya miaka kumi au ishirini kikakatwa tena. Shina unaloliona juu lina umri wa kijana, lakini kisiki kilicholizaa huweza kuwa na mamia ya miaka. Mwaka 1251 maofisa wa askofu wa Ely waliuandika msitu huo katika daftari la mali yake, na mahali palipoandikwa wakati ule ndipo msitu ulipo mpaka leo. Oliver Rackham, mtaalamu aliyeuchunguza kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1975, alifundisha kwamba msitu husomwa kwa njia tatu pamoja: maandishi ya kale, mimea iliyomo, na maumbo ya ardhi yenyewe. Kuuzunguka msitu ule kuna mtaro na tuta, uliochimbwa na watu wa zama za kati ili mifugo isiingie kula machipukizi. Njia za mashambani hupinda kuufuata ukingo wake, kwani msitu ulikuwako kabla ya njia.

Waingereza wameweka mpaka: msitu uliokuwako mfululizo tangu mwaka 1600 huitwa wa kale. Waliuchagua mwaka huo kwa sababu kabla yake ilikuwa nadra watu kupanda misitu mipya, na ramani nzuri zilikuwa zimeanza kupatikana. Lakini mahali pasipo na ramani wala daftari, mimea midogo hutoa ushahidi. Hayley Wood kuna ua dogo la manjano, Primula elatior, ambalo mbegu zake huanguka karibu kabisa na mama yake. Kando ya msitu huo kuna kipande kilichoachwa bila kulimwa karne iliyopita, kikaota miti chenyewe. Miti ilikuja haraka; ua lile lilikuja polepole, likitambaa kutoka ukingo wa msitu wa zamani. Anayetazama juu huona msitu mmoja, naye anayetazama chini huona misitu miwili ya umri mbalimbali.

Mimi nilirudi nyumbani na nusu ya somo. Nilikumbuka kisiki kinachochipua. Nilisahau ua linalotambaa.

Wasafiri wa haraka na wa polepole

Kila mmea una namna yake ya kusafiri. Mbegu za nyasi nyingi huchukuliwa na upepo. Matunda matamu huliwa na ndege, popo na tumbili, na mbegu zake hutupwa mbali. Mkongo una mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu inayowavutia ndege. Lakini katika misitu ya pwani yetu miti mingi ni ya jamii ya kunde, na baadhi yake husafiri kwa namna ya ajabu: ganda likikauka hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbegu. Mmojawapo ni Scorodophloeus fischeri, mti ambao jina la jenasi yake, kwa Kiyunani, maana yake ni gome la kitunguu saumu. Mrusho huo hufika mita chache, au makumi ya mita, haufiki kilomita.

Na tufanye hesabu ndogo. Tuchukulie kwamba mti wa namna hiyo huanza kuzaa ukiwa na miaka 30, na kwamba hurusha mbegu mita 20. Ili kuvuka kilomita moja ya shamba lililoachwa, zinahitajika hatua 50; hatua 50 mara miaka 30 ni miaka 1,500. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini hata tukizipunguza kwa nusu, au kwa robo, bado tunazungumza juu ya karne, wala si miongo. Zaidi ya hayo, mbegu kama hizo haziwezi kulala ardhini miaka mingi zikingoja nafasi. Hufa upesi zisipoota. Kwa hiyo, mti wa mwisho ukiisha, ardhi haina akiba.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya msitu wa kale na msitu wowote mwingine. Tukikuta mahali wasafiri wa polepole wengi wamekaa pamoja, twaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba msitu ule haukuvunjwa kwa muda mrefu sana. Kuhesabu pete za shina hakutusaidii sana huku kwetu: miti mingi haiweki pete zilizo wazi, na penye masika na vuli mti huweza kuweka pete mbili kwa mwaka mmoja.

Zaraninge

Mwaka uliofuata tulitaka kuuona msitu ambao labda ulifanana na ule uliotoa donge la Fukayosi. Tulipata kibali, tukapita Kiwangwa katikati ya mashamba ya mananasi, tukafika Msata, tukashika barabara ya Segera na kuvuka mto Wami, kisha tukaingia njia ya Miono na Mkange hadi Gongo. Hapo ndipo panapoanzia msitu wa Zaraninge, juu ya uwanda ulioinuka kidogo kutoka pwani. Msitu huu sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005.

Kutoka kijijini unapita kwanza mashamba, kisha nyika ya manyasi yenye mipingo na miti iliyotawanyika, ambayo magome yake yameungua chini. Halafu, ghafla, nyika inakoma. Mbele yako pana ukuta wa majani. Ukipenya, jambo la kwanza unalolihisi ni ubaridi, na la pili ni giza. Lakini jambo ambalo niliwataka wanafunzi walitambue wenyewe liliwachukua robo saa nzima kuliona. Mwishowe msichana mmoja akasema, "Hakuna nyasi."

Ndivyo. Ndani ya msitu ule chini pana majani makavu yaliyooza, mizizi, miche myembamba na kamba za mibungo, lakini nyasi za nyikani hazimo, kwa kuwa hazipati jua. Pasipo nyasi moto haupiti. Unakuja kila kiangazi mpaka kwenye ukuta wa majani, unaunguza ukingo, unazimika. Wasafiri wa polepole, ambao wengi wao wana magome membamba yasiyostahimili moto, wanaishi nyuma ya ngome hiyo.

Tuliuona msandarusi. Shina lake lilinyooka, lenye gome la kijivu na michirizi ya utomvu mweupe pale lilipojeruhiwa. Majani yake hukaa mawili mawili kama kwato za mbuzi, na maganda yake yana vipele, ndiyo sababu ya jina verrucosa. Maganda hayo hayapasuki; huanguka chini ya mama yao na kungoja mnyama wa kuyabeba. Tuliikuta miche mingi chini ya mti mmoja, na mita mia moja kutoka hapo hatukuukuta hata mmoja.

Wanyama nao wana ushahidi wao. Katika misitu hii yumo sange, mnyama mwenye pua ndefu inayopekua wadudu katika majani makavu. Hujenga kiota chake kwa majani hayo hayo, na uwanjani penye jua kali hana maisha. Yumo pia komba wa Rondo, miongoni mwa komba wadogo kuliko wote, ambaye wataalamu walimtenga kuwa spishi ya peke yake katika miaka ya 1990. Anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, kama Zaraninge, Pande, Pugu na Rondo, ambayo imetengana kama visiwa, na kati ya kisiwa na kisiwa yeye hawezi kupita. Sisi hatukumwona. Tulikesha, tukaambulia mbu.

Shoka na kinachofuata shoka

Sasa naweza kueleza kosa langu kwa usahihi. Sikukosea niliposema kwamba miti ya pwani huchipua. Visiki vingi vya Fukayosi vilikuwa vimechipua vizuri, na mwanafunzi yeyote angeweza kunitetea. Nilikosea kwa kudhani kwamba kinachofuata shoka ni kile kile huku na Uingereza. Misitu ya asili ya kule haishiki moto kwa urahisi. Mkataji akiondoka, adui wa chipukizi ni ng'ombe na paa tu, na hao huzuiwa kwa mtaro. Kwetu, paa la majani likifunguka kwa ajili ya tanuri la mkaa, jua linashuka, nyasi zinaingia, na kiangazi kinachofuata moto unaingia pamoja nazo. Kisiki huchipua, kikaungua, kikachipua tena, kikachoka. Yanabaki yale yanayostahimili moto, nayo ni mimea ya nyika. Hatimaye pana kijani kibichi, pana miti, lakini msitu umeondoka.

Wala tusimlaumu mchoma mkaa kana kwamba anajipikia mwenyewe. Fukayosi iko chini ya kilomita 100 kutoka Dar es Salaam, jiji ambalo katika sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu 5,383,728, na wengi wao hupikia mkaa. Uchunguzi uliofanywa katika misitu inayolizunguka jiji hilo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba uharibifu huenea kama mawimbi: wimbi la kwanza ni mbao za thamani, nyuma yake mbao duni, na nyuma kabisa mkaa. Kati ya mwaka 1991 na 2005 mawimbi hayo yalisonga mbele kwa mwendo uliofika hadi kilomita 9 kwa mwaka. Linganisha na mita 20 kwa miaka 30.

Si kweli kwamba watu siku zote huwa maadui wa msitu. Wamijikenda wa pwani ya Kenya walizilinda kaya zao, yaani misitu iliyozunguka makazi na makaburi ya wazee wao, kwa miiko ya kukataza kukata. Mwaka 2008 kaya kadhaa ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwiko ulifanya kazi ya mtaro wa Hayley Wood.

Kuisoma Fukayosi upya

Tulirudi Fukayosi na macho mapya. Pori lile lile tulilolihesabu mwaka wa kwanza, safari hii tulilipitia tukitafuta dalili. Tukakuta miembe mitatu mikubwa katikati ya vichaka, na karibu yake vigae vya vyungu. Mwembe haujileti porini. Ni shahidi wa nyumba. Mzee alithibitisha kwamba hapo ni mahame: palikuwa na kaya zilizohamia barabarani wakati wa kuanzishwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Basi lile nililoliita msitu unaorudi lilikuwa shamba lililoachwa kwa takriban miaka hamsini, na katika muda wote huo, ingawa vichaka vimekuwa virefu kumpita mtu, hatukuona Scorodophloeus hata mmoja, wala msandarusi. Chini ya vichaka nyasi zilikuwa bado zimo.

Ardhi ile basi ina kurasa tatu. Juu ni kichaka, chini yake mahame, na chini kabisa, katika shimo la nguzo, sandarusi.

Msomaji aliye jirani na pori lolote la pwani anaweza kufanya uchunguzi huu bila chombo cha maabara. Ingia hatua mia moja kutoka ukingoni, uinamie chini utafute nyasi. Tazama kama magome yana alama za moto. Tafuta miembe, mikwaju, minazi na vigae. Okota maganda na uulize kila moja lilisafirije kufika hapo. Waulize wazee majina ya miti, na hasa uwaulize ni majina gani wanayoyajua ambayo miti yake haionekani tena.

Jioni ile nilimwambia mzee kwamba jibu langu la mwaka uliopita halikuwa sahihi: kichaka kitarudi katika miaka thelathini, ila msitu wa donge lake hautarudi wenyewe kwa umri wa wajukuu wa wajukuu zake, isipokuwa mtu aibebe mbegu kwa mkono na kuuzuia moto.

"Basi ile thelathini niifute?"

"Ifute, mzee."

Akauliza mbegu zinapatikana wapi. Nikamweleza kwamba ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi kuokota hata ganda bila kibali maalumu, bali misandarusi michache bado imesimama nje ya mipaka, na kwamba ningeomba ruhusa ya wenye mashamba. Masika yaliyofuata tulimpelekea maganda kumi na mawili. Ameyaatika kivulini, chini ya mikorosho, na upande wa nyikani amelima ukanda wa hatua sita ili moto usivuke. Miche iliyoota mpaka sasa ni mitano.